Daktari Aliyepigia Shaba Hesabu

Idara ya wafanyakazi weusi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyochimba shaba Kongo, iliongozwa kwa miaka mingi na daktari, Mbelgiji Léopold Mottoulle. Kampuni ilikuwa na sababu zake.

Iliundwa mwaka 1906. Reli ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Vijana waliletwa kutoka mbali kwa mikataba ya miezi michache, wakafa wengi kwa nimonia, homa ya matumbo na kuhara damu. Kila aliyekufa au kutoroka alikuwa hasara, maana kampuni ilikwisha kumlipa wakala aliyemtafuta, pamoja na nauli na posho ya njiani. Kisha ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ikafungua migodi yake, nayo ikataka vijana haohao.

Kuanzia mwaka 1928 Mottoulle na wenzake waligeuza mambo. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mke akaruhusiwa kuja, tena akahimizwa. Posho ya unga, samaki na mawese ilipimwa kwa kadiri ya familia. Mjamzito alijifungulia kwa mkunga wa kampuni, mtoto akawekwa kwenye mizani, akapewa maziwa. Huruma ilikuwepo, labda, lakini mtoto huyo alikuwa pia mchimbaji wa kesho asiyehitaji wakala wala nauli. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937, ililelewa ndani ya mpango huo.

Gécamines, kampuni ya serikali, ilipochukua migodi baada ya utaifishaji wa 1967, ilirithi hospitali na shule pia. Ndipo bei ya shaba ikayumba, serikali ya Mobutu ikakamua kisima hadi tope, na Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Uzalishaji ulitoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka hadi chini ya 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiinua mgongo wakaondoka. Matibabu ya familia zao yakaondoka nao. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa ameshaandika kitabu kuhusu Bana Shaba, yaani watoto wa shaba, walioachwa na baba yao, kampuni.

Siku hizi kobalti inalipa, na vijana wanaotafuta kazi wamejaa malangoni. Wengi huajiriwa kupitia makampuni ya wakala, na mwajiri wa namna hiyo hana haja ya kumpima mtoto wa mtu. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao: madini yalikuwa mengi katika mkojo na damu, hasa ya watoto.

Mwaka huohuo sheria mpya ya madini ilitenga asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka za mitaa, kwa ajili ya miundombinu ya jamii. Jengo la zahanati linaweza kutoka humo. Dawa na ujira wa mkunga, vilivyokuwa zamani sehemu ya gharama ya kuchimba shaba, mara nyingi hutoka mfukoni mwa mgonjwa.