Kalamu Isiyostaafu: Walimu Wastaafu katika Vijiji vya Tanzania

Katika vijiji vya Tanzania ualimu ni kazi ambayo jina lake halistaafu, kwani karani akimaliza utumishi hurudi kuitwa kwa jina lake au la mwanawe, ilhali aliyeshika chaki huitwa Mwalimu hadi kaburini. Chanzo cha heshima hiyo kilikuwa kalamu. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika, na mara nyingi mwalimu ndiye aliyewasomea watu barua, akawaandikia majibu, na hivyo akazijua siri za nyumba nyingi. Kampeni ya kisomo, yaani mafunzo ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, ilikipunguza kiwango hicho hadi chini ya asilimia 10 kwa takwimu za serikali za mwaka 1986, hesabu ya kupokewa kwa tahadhari, maana kusoma bango na kuandika dai la fidia si ujuzi mmoja.

Kizazi chenye uzito zaidi ni cha walimu wa UPE, jina lililotokana na mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioharakishwa na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa kwa miaka 3 huku wakifundisha, mara nyingi karibu na kwao. Walidharauliwa kwa uchache wa elimu yao, na dharau hiyo haikukosa sababu. Lakini ukaribu huo huo ndio uliowafanya, walipofikia umri wa lazima wa kustaafu wa miaka 60, wawe wenyeji waliokwisha kufundisha baba na mwana.

Baada ya kustaafu, walipokabidhiwa uandishi wa vikao vya kijiji, nguvu yao ilijikita katika muhtasari, yaani kumbukumbu rasmi ya kikao, iliyoandikwa kwa mkono katika kauntabuku: mahudhurio, ajenda, maazimio, sahihi na muhuri wa kijiji. Kipengele kilichotikisa wakubwa kilikuwa kile kiitwacho yatokanayo, ambapo maazimio ya kikao kilichopita husomwa upya na aliyekabidhiwa michango ya darasa au zahanati hutakiwa kueleza fedha zilipofikia. Mwenyekiti aliyezoea kusahau alishindwa kusahau mbele ya mwandiko ulionyooka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoweka baraza la ardhi la kijiji, chombo cha usuluhishi chenye wajumbe 7 wakiwemo wanawake 3, iliwafungulia walimu wastaafu wa kike nafasi ambayo mila za urithi wa mashamba zilikuwa zimewanyima.

Hata hivyo, pamoja na kalamu walikuja na tabia za darasani, na si ajabu katika mkutano mkuu wa kijiji kuona mtu mzima mwenye wajukuu akinyoosha kidole juu, akisubiri aruhusiwe kusema na mzee aliyewahi kumchapa.