Velodromu: uwanja wa baiskeli chini ya paa

VELODROMU ni uwanja wa mbio za baiskeli wenye njia inayozunguka na kuinuka kwenye kona. Ile ya ndani yenye hadhi ya Olimpiki huwa na njia ya mbao ya mita 250, ambayo kona zake huinuka kwa nyuzi 42 hivi ili mwendeshaji asiteleze akiwa kasi. Baiskeli zake hazina breki.

Velodromu ya Manchester, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1994, na ndimo zilimofanyika mbio za ndani za Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2002. Mbali na mabingwa, wakazi wa kawaida pia hukodi baiskeli humo na kufundishwa.

Kenya haina uwanja wa ndani wa aina hiyo. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017, alinolewa na David Kinjah katika barabara na vijia vya Kikuyu.

Mjini Isiolo, waendesha baiskeli hugawana lami na malori yaendayo Marsabit na Moyale. Kwa mji kama huo, faida ya kwanza ya velodromu isingekuwa medali, bali mahali pa mtoto kujifunzia bila kuhofia magari.