Mashujaa Wasio na Majina: Damu Ikifumuka Kifuani, Nani Anaizuia?

Watu wangu wa Tarime, Sirari, Nyamongo mpaka Mugumu, leo mastaa tunawaweka pembeni. Tunawaongelea watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Anzia Bunyoro, Uganda, mwaka 1879. Pale Kahura, Mwingereza Robert Felkin, akiwa bado anasomea udaktari, alimshuhudia mganga wa kienyeji akimzalisha mama kwa kumpasua tumbo. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikanawishia mikono. Penye kuvuja damu, msaidizi akawa anagusa kwa chuma cha moto. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga. Felkin akachapisha habari hiyo 1884. Jina la mganga? Hakuliandika.

Mwaka 1910, Jacobaeus wa Sweden akaanza kuchungulia vifua vya wagonjwa kupitia tundu dogo. Baadaye akawa anakata nyama zilizogandisha pafu la mgonjwa wa TB kwenye ukuta wa kifua, akitumia waya wa moto. Umeona? Moto uleule, ila sasa unapita tunduni.

Miaka ya 1990 ikaja kamera ya video. Noma ya matundu ni hii: mshipa ukipasuka ghafla, kamera inaona wekundu mtupu, na mkono wa daktari hauingii. Ukibana kwa kubahatisha, unaweza kuuchana mshipa zaidi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ya kizamani kabisa: kandamiza, tulia. Kitambaa kwenye koleo ndefu kinashikilia pale panapovuja. Mshipa unaopeleka damu mapafuni una ukuta mwembamba, lakini presha yake ni ndogo, ndiyo maana kukandamiza husaidia sana. Wakati huo mtaalamu wa usingizi anaambiwa, damu inaagizwa, vifaa vya kufungua kifua vinasogezwa. Isipokata, kifua kinafunguliwa. Hiyo siyo kushindwa, ni kuokoa mtu.

Sasa rudi Mara. Vifua vya huku kwetu vimejeruhiwa sana na mishale na mapanga ya ugomvi wa koo na ng'ombe. Majeruhi kama huyo mara nyingi huanza na mpira wa kutoa damu kifuani, na akizidiwa ni safari ndefu ya Bugando, Mwanza. Mshale ukizama, usiuchomoe! Huenda ndio ulioziba mshipa. Kandamiza pembeni yake, usiutikise, wahi hospitali.

Na ile damu inayomsubiri kwenye friji? Imetoka kwa mtu asiyemjua, pengine wa ukoo uleule aliokuwa anagombana nao. Jina halimo.

Haya, nani kati yenu ameshachangia damu? Jina siyo lazima, tupia tu hapo chini.