Mpaka Uliopimwa kwa Pua

Katika kazi ya upimaji ardhi nimesikia visa vingi vya mipaka: mwembe uliokatwa usiku, jiwe "lililotambaa" mpaka likaingia shambani kwa jirani. Lakini mpaka uliopimwa kwa harufu ya mzoga ni wa Tenganan Pegringsingan tu, kijiji cha Karangasem, mashariki mwa Bali, juu kidogo ya ufukwe wa Candidasa.

Mfalme wa Bedahulu, ufalme ulioangushwa na Majapahit ya Java mwaka 1343, alipotelewa na farasi wake aitwaye Oncesrawa. Akatuma watu kila upande. Waliokwenda mashariki walimwona, ila keshakufa. Mfalme hakuwaadhibu, aliwaambia ardhi yote itakayofikiwa na uvundo wa farasi yule itakuwa yao, kisha akampeleka afisa mwenye pua kali akahakiki. Kiongozi wao akamwongoza afisa vilimani. Wanapanda, afisa ananusa: bado inanuka. Wanashuka bondeni: bado. Mwisho afisa akachoka, akasema hapa basi, panatosha. Alipokwisha kwenda zake, yule kiongozi, mzee mwenyewe, akatoa kipande cha nyama ya farasi alichokuwa amekificha nguoni.

Ofisini kwetu mtu huyo angefunguliwa jalada siku hiyo hiyo. Tenganan wanamsimulia kwa fahari, maana ujanja wake uliwapatia zaidi ya hekta 900 za misitu, vilima na mashamba ya mpunga. Na alama za mpaka wanazo. Kwenye vilima vinavyokizunguka kijiji pana mawe yanayofanyiwa ibada, na mengi yanahesabiwa kuwa sehemu za mwili wa farasi yule. Batu Taikik ni mavi yake. Kaki Dukun ni uume wake, na wasiojaliwa watoto hupanda kwenda kuomba pale. Bikoni zetu za zege nimeziona ziking'olewa na kufanywa mafiga. Jiwe linaloombewa mtoto, nani atalitia mkono?

Kisa cha pili ni cha mungu Indra, ambaye watu wa Tenganan wanajihesabu kuwa wateule wake, na hiki kina uzito zaidi katika maisha ya kila siku. Kwa ajili yake vijana hupigana kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, vifua wazi, mkono mmoja fungu la majani ya mkadi yenye miiba, mwingine ngao ya henzerani. Damu ikishatoka, majeraha hupakwa dawa ya manjano, kisha wote huketi kula pamoja. Mshindi hatangazwi. Inasemekana Indra ndiye pia aliyewafundisha wanawake kufuma geringsing, kitambaa kinachoaminiwa kukinga maradhi. Nyuzi za urefu na za upana zote hufungwafungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, ili mapambo yakutane sawasawa mtandeni. Kitambaa kimoja kinaweza kuchukua miaka. Rangi nyekundu hutokana na mizizi ya mti. Ile ya buluu, ya nili, ni mwiko kuitengeneza kijijini, hivyo nyuzi hupelekwa Bugbug, kijiji jirani, zikachovywe huko.

Lakini uteule una bei, na hapa ndipo kisa kinaponikwaza. Baraza la kijiji, krama desa, hupokea wanandoa wazawa waliooana humo humo, wasio na kilema. Kukaa mbele au nyuma barazani hutegemea nani alitangulia kuoa, wala si mali, na hilo nalisifu. Ila aliyezaliwa na mguu mbovu ana kosa gani? Aliyeoa nje hupoteza kiti chake, na kwa desturi alihamia Banjar Pande, mtaa wa mashariki. V. E. Korn, afisa wa Kiholanzi, alipoandika kitabu chake cha mwaka 1933 alikiita kijiji hiki jamhuri. Jamhuri, naam, kwa waliomo ndani.

Sheria hizi, awig-awig, ziliandikwa. Mwaka 1841 moto uliteketeza kijiji pamoja na kitabu chenyewe. Wakaomba idhini ya mfalme wa wakati huo, na mwaka 1842 kikaandikwa upya. Humo ndimo ujanja wa yule mzee ulimotiwa kufuli: ardhi ya Tenganan haiuzwi wala haiwekwi rehani kwa mtu wa nje, na anayethubutu hunyang'anywa na kijiji. Hoteli zimejaa Candidasa, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na vilima bado ni vya wenyewe. Mtoto wa kike hurithi sawa na wa kiume, jambo lisilo la kawaida Bali.

Hata shamba lako mwenyewe hulitawali lote. Doriani, tunda lile lile la mashamba ya Unguja, ni marufuku kulichuma mtini. Sharti lianguke lenyewe, na likianguka ni la mwanakijiji aliyeliokota. Mwenye mti akilitaka, naye akeshe msituni na wenzake.