Nususpishi: jina la tatu la ndege

Mwanafunzi wa mji wa Kolwezi, Kongo, hulisikia neno hili kwanza kwa Kifaransa: sous-espèce, kilicho chini ya spishi. Kwa Kiswahili wapo wanaoandika nususpishi, wapo wanaoandika spishi ndogo. Hakuna neno lisilo na kasoro hapo, kwani nususpishi si nusu ya kitu, wala ndege wake si wadogo. Ni kundi ndani ya spishi moja, lenye eneo lake la kuzaliana na tofauti zake ndogo za rangi au kimo, nalo hupewa jina la tatu la Kilatini baada ya majina mawili ya spishi. Mimi nashika nususpishi. Angalau ni neno moja, na halimpeleki msomaji kwenye vipimo vya mwili.

Neno la kuzingatia katika maana hiyo ni eneo. Picha humwonyesha ndege mmoja, lakini nususpishi ni habari ya kundi zima na mahali pake. Motacilla flava, yule wa manjano atikisaye mkia, huzaliana Ulaya na Asia, kisha hushuka Afrika wakati wa baridi ya huko. Dume wa nususpishi ya flava ana kichwa cha kijivu-buluu na nyusi nyeupe. Wa nususpishi ya thunbergi ana kichwa cheusi zaidi, mara nyingi bila nyusi. Huku kwetu huchanganyika malishoni, na majike na makinda wengi hawapambanuki pichani. Hao waachiwe majina mawili tu.

Kesi ngumu zaidi iko kwenye mto wenyewe. Mto Lualaba ukitoka upande wa Kolwezi na kupita bwawa la Nzilo hushuka hadi mabonde ya Upemba, na huko ndiko alikopatikana ndege mdogo Estrilda nigriloris, aliyeelezwa na Mmarekani James Chapin mwaka 1928. Hana kumbukumbu ya uhakika tangu 1950. Anafanana mno na Estrilda astrild aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, ila mstari wa jichoni ni mweusi badala ya mwekundu, na wapo wataalamu wanaoshuku kwamba ni sura tu ya astrild.

Hapo kamera huweza kudanganya vibaya. Wekundu uliomo kivulini, katika picha yenye mwanga haba, hugeuka mweusi. Mwanzi mmoja tu ukifunika uso, umeshapata “nigriloris”. Kwa hiyo tazama mdomo kabla ya mstari. Mdomo wa astrild aliyekomaa ni mwekundu kama nta ya kufungia barua. Ukiwa nao umeonekana mweusi, basi ama mwanga ulikuwa mbaya, ama huyo ni kinda, maana makinda wa astrild wana midomo myeusi. Mdomo ukiwaka wekundu na mstari ulio kando yake, chini ya mwanga uleule, ukabaki mweusi, hapo pana la kujadiliwa. Hifadhi faili ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, kabla programu haijagusa rangi. Piga picha pande zote mbili za kichwa. Andika tarehe na mahali, kijiji na ukingo wa mto, maana “Katanga” peke yake, jimbo la zamani, ni pana kuliko nchi nyingi.