Maji Machafu Kijijini: Tulikotoka na Tulipofika

Tunapoadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, tumeona kijitabu hiki kisiwe cha hisa na mikopo peke yake. Ipo historia nyingine inayotuhusu sana akina mama, nayo ni ya choo na maji machafu. Mtoto akiharisha ni sisi tunaokesha naye, na kisima kikichafuka ni sisi tunaokwenda mbali na ndoo.

Zamani nyumba zilikaa mbalimbali. Maji ya kuogea yalimwagwa migombani, haja ilikwenda porini, na ardhi ilimeza. Mambo yalibadilika watu walipohamishiwa vijijini, kazi iliyoshika kasi kati ya 1973 na 1976. Nyumba zikabanana, na shimo la jirani likawa shauri la kisima chako.

Mwaka huohuo wa 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu walikusanyika kwenye redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakashika majembe. Karibu watu milioni 2 walishiriki nchi nzima, na vyoo vya shimo vikachimbwa kwa wingi. Kwa kweli si haba!

Lakini shimo hujaa, magogo huliwa na mchwa, na mvua hubomoa. Kampeni ikishapita, nani anachimba jingine? Kipindupindu, kilichoingia nchini miaka ya 1970, kimerudi tena na tena. Mwaka 2015 kilianzia Dar es Salaam kikasambaa mikoa mingi. Ndipo mwaka 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo.

Tuliyojifunza ni haya. Choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na shimo lisifike kwenye maji ya ardhini, kwani udongo mkavu ndio unaochuja vijidudu. Bomba la hewa lenye wavu juu hutoa harufu na kunasa nzi. Mwenye choo cha maji anahitaji karo: uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea, vijidudu hula taratibu, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la mawe yanyonywe na ardhi. Maji ya bafuni nayo yapewe shimo lake la mawe, yasituame njiani yakazalisha mbu.

Haya yote yanataka saruji, nondo na fundi, tena kwa mkupuo, na fedha ya mkupuo ndiyo hatuna majumbani. Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Mkopo wa choo hauleti faida sokoni kama mkopo wa mitumba, ila unaokoa nauli ya hospitali na siku za kazi.

Kampeni huja na kuondoka, lakini sisi tunakutana kila wiki. Basi miaka kumi ijayo, akina mama, tuulizane kikaoni: choo chako kimejaa? Asiyeziba ufa hujenga ukuta.