Nyumba ikivunjwa: Hatua za kuchukua na sheria inavyosema

MTU akirejea jioni kutoka kazini na kukuta kufuli imekatwa, komeo limepindwa na mlango u wazi, jambo la kwanza linalomjia ni kuingia ndani mbio aone kilichosalia. Hilo ndilo jambo ambalo hapaswi kulifanya.

Hakuna ajuaye kama aliyevunja ameshaondoka. Mwizi aliyebanwa ndani, akiwa hana njia ya kutokea ila ule mlango aliosimama mwenye nyumba, ni hatari kuliko mwizi aliyeachiwa nafasi ya kukimbia. Kwa hivyo busara ni kurudi nyuma kimyakimya, kuwaondoa watoto, kwenda kwa jirani na kupiga simu kutoka huko. Nambari za dharura za polisi nchini Kenya ni 999, 112 na 911. Hata hivyo ni vyema kila familia iwe pia na nambari ya kituo cha polisi kilicho karibu, ya chifu au naibu wake, na ya mzee wa Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa mitaani ulioanzishwa na serikali mwaka 2013. Nambari hizo zisihifadhiwe kwenye rununu pekee, maana mara nyingi rununu ndiyo huibwa kwanza. Ziandikwe pia kwenye karatasi.

Polisi wakishahakikisha kuwa nyumba ni salama, kishawishi cha pili huanza: kupanga na kufagia. Nguo zimetapakaa sakafuni, droo zimemwagwa, na mama wa nyumba hataki wageni wakute fujo ile. Avumilie. Kioo kilichovunjwa, meza iliyosukumwa, mlango wa kabati na hata chupa ya maji ambayo mwizi aliinywa huenda vikawa na alama za vidole. Alama hizo zikipanguswa kwa kitambaa au zikifunikwa na mikono ya majirani kumi waliokuja kutoa pole, haziwezi kurudishwa. Nyayo zilizo uani zaweza kufunikwa kwa beseni ili mvua isizifute. Picha zipigwe, za chumba kizima kwanza kisha za sehemu iliyovunjwa kwa karibu, kabla ya chochote kuondolewa. Chuma, shoka au mtarimbo ulioachwa na wezi usiguswe. Uonyeshwe afisa aliyefika.

Mambo huwa tofauti watu wakiwa ndani, usiku, na dirisha linasikika likivunjwa. Hapo lengo ni moja tu, nalo ni uhai. Familia ikusanyike katika chumba chenye mlango madhubuti, mlango ufungwe kwa ndani na kitanda au kabati lisukumwe nyuma yake. Taa za nje ziwashwe ikiwa swichi yake i karibu. Kamsa ipigwe: mayowe, sufuria, kipenga, king'ora cha gari. Wezi wengi huogopa kelele. Kutoka nje gizani na rungu mkononi ili kuona ni nani anayezungukazunguka ni ushujaa ambao umewaacha wengi na majeraha na wengine kaburini, kwa kuwa aliye nje anaweza kukuona vizuri hali wewe humwoni.

Endapo wahalifu wameshaingia na wana silaha, wapewe wanachotaka. Runinga hununuliwa tena. Usimkodolee macho jambazi kwa namna ya kumwonyesha kwamba unamtambua, wala usimwite kwa jina hata kama unamjua. Jina hilo lihifadhiwe kwa ajili ya polisi. Na jambo ambalo wengi hulisahau: vyuma vya madirisha na geti la ndani lililofungwa kwa kufuli tatu huwazuia wezi, lakini moto ukitokea huwazuia pia wenyeji. Funguo ziwe mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anaweza kuzifikia gizani, ila mbali na mkono unaopenyezwa dirishani.

Iwapo mtu ameumizwa, hospitali hutangulia mambo yote. Fomu ya P3, ambayo hutolewa na polisi na kujazwa na daktari, ndiyo ushahidi wa majeraha mahakamani. Aliyenajisiwa wakati wa uvamizi anafaa kufika hospitalini mapema iwezekanavyo, kabla ya kuoga, na asipitishe saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi haziwezi kutegemewa baada ya muda huo. Nguo alizokuwa nazo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu ukifungiwa ndani ya plastiki huharibu ushahidi.

Sheria nayo ina tafsiri yake ya kuvunja nyumba, na si ile ambayo watu hudhani. Chini ya kifungu cha 303 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, si lazima ukuta ubomolewe. Aliyesukuma mlango uliorudishwa tu, au kuinua dirisha lililofungwa bila komeo, tayari amevunja. Aidha, ameingia pindi sehemu yoyote ya mwili wake, au ya kifaa anachokitumia, inapokuwa ndani. Kwa hivyo yule anayesukuma dirisha na kupenyeza upembo ili avute suruali iliyotundikwa msumarini ameingia nyumba ya watu ijapokuwa miguu yake haikutoka kwenye majani ya nje. Adhabu ya juu ya kosa hilo likitendwa mchana ni kifungo cha miaka 7. Likitendwa usiku ni miaka 10, na usiku kwa mujibu wa sheria hiyo ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndiyo sababu polisi husisitiza kujua saa kamili.

Wezi wakitumia nguvu au vitisho, kosa hugeuka kuwa unyang'anyi. Wakiwa na silaha hatari, au wakiwa zaidi ya mmoja, au wakimjeruhi mtu, huo ni wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2), na adhabu iliyoandikwa ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu mwaka 1987.

Swali ambalo huulizwa mno ni hili: je, mwenye nyumba anaruhusiwa kumpiga mwizi? Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu hakitoi orodha ya yanayoruhusiwa. Kinasema tu kwamba matumizi ya nguvu katika kujilinda au kulinda mali yatapimwa kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza. Misingi yenyewe ni miwili: nguvu iwe ya lazima wakati huo, na iwe ya kadiri inayolingana na hatari iliyopo. Kesi ya Palmer ya mwaka 1971, iliyotoka Jamaica na kuamuliwa na Baraza la Faragha mjini London, hutajwa mara kwa mara katika mahakama za Kenya. Ilikubali kwamba mtu aliyeshambuliwa hana mizani ya kupimia pigo lake hadi ratili ya mwisho. Anayempiga kwa rungu jambazi aliyemjia na panga sebuleni hatarajiwi kuhesabu.

Lakini hatari ikiisha, ruhusa nayo imeisha. Mwizi aliyetupa redio na kuruka ua hakutishi tena; kumfukuza hadi barabarani na kumkata mgongoni si kujilinda. Aliyetumia nguvu kupita kiasi akaua anaweza kuepuka hatia ya mauaji ya kukusudia na badala yake apatikane na hatia ya kuua bila kukusudia, na adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha. Mali peke yake, bila hatari kwa mtu, ni kisingizio dhaifu mno mbele ya hakimu, hasa tangu Katiba ya 2010 ilipoweka haki ya kuishi katika kipengele cha 26 bila kuwabagua wezi.

Raia ana mamlaka ya kumkamata mwizi. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamruhusu mtu yeyote kumkamata anayemwona akitenda kosa kubwa, na kinamruhusu mwenye mali pamoja na wafanyakazi wake kumkamata anayeiharibu. Kifungu kinachofuata kinataka aliyekamatwa akabidhiwe polisi bila kuchelewa. Afungwe kamba ikibidi, ila asifungwe zaidi ya inavyohitajika ili asitoroke.

Ugumu huja umati unapofika. Kamsa iliyopigwa kwa nia njema huwaleta waliokuwa wakingojea nafasi ya kutoa hasira zao, na baada ya dakika chache gurudumu na petroli huwa tayari. Mwenye nyumba ambaye ndiye aliyepiga kamsa anapaswa kujua kifungu cha 21: watu walioshirikiana katika lengo moja la uhalifu huhesabiwa kila mmoja kuwa ametenda kosa lililotokea. Aliyeleta kiberiti na aliyeshikilia miguu hawatofautiani sana kizimbani. Kisha kuna uchungu mwingine. Mara si moja aliyeuawa amebainika kuwa mlevi aliyekosea mlango, au mgonjwa wa akili aliyetoka kwao. Aliyekufa pia hawezi kuwataja wenzake wala kusema mali iliuziwa nani.

Ripoti itolewe siku hiyo hiyo. Kituoni, tukio huandikwa katika kitabu cha matukio, na mlalamishi apewe nambari yake, ile ambayo kila Mkenya huiita nambari ya OB. Asiondoke bila nambari hiyo. Taarifa asomewe au aisome mwenyewe kabla ya kuitia sahihi.

Ripoti hii ya kwanza ina uzito ambao walalamishi wengi huutambua wakati kesi imeshaharibika. Kama mvamizi alikuwa na kovu shavuni, au mlalamishi aliitambua sauti ya kijana wa jirani, hayo yasemwe hapo hapo. Shahidi anayelitaja jina miezi minne baadaye, ilhali kitabu cha polisi kinasema "watu wasiojulikana", huwa amempa wakili wa mshtakiwa silaha kamili. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1953 katika kesi ya Abdalla bin Wendo, majaji wameonywa wajihadhari sana na utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitaka ichunguzwe kama kulikuwa na mwangaza, wa aina gani, ukubwa gani, na ulikuwa wapi ukilinganishwa na mshukiwa. Basi shahidi aeleze: taa ya umeme ya sebuleni, au koroboi juu ya meza, mvamizi alisimama hatua ngapi, walikaa ndani kwa muda gani. Kusema tu "nilimwona vizuri" hakutoshi.

Laini ya simu iliyoibwa ifungwe mara moja kwa kupiga simu kwa kampuni husika, na benki iarifiwe, kwani siku hizi pesa huhamishwa kwa rununu kabla mwenyewe hajafika kituoni. Vitambulisho na hati nyingine zilizopotea zitajwe kwa polisi ili itolewe hati ya kuthibitisha kupotea kwake. Bila hiyo kupata kitambulisho kingine ni kazi.

Mali ikipatikana, mahakama itataka mambo ithibitishiwe: kwamba ilikutwa kwa mshukiwa, kwamba ni ya mlalamishi, kwamba iliibwa kwake, na kwamba iliibwa karibuni. La pili ndilo huwashinda wengi. Runinga nyeusi hufanana na runinga nyingine nyeusi. Risiti, nambari ya kiwandani na nambari ya simu inayoonekana ukibonyeza *#06# zinafaa kunakiliwa kabla ya siku ya msiba, na karatasi hiyo iwekwe nje ya nyumba, kwa ndugu au kazini. Kamera za jirani au za duka la mkabala ziulizwe upesi, kwa kuwa mashine nyingi hufuta picha za zamani baada ya siku kadhaa. Tangu mwaka 2009, Sheria ya Ushahidi kupitia kifungu cha 106B inataka picha kama hizo ziandamane na cheti cha mhusika wa mtambo.

Wako wanaoelekezwa kwa mtu anayejua mtu, wakombolee mali yao kwa nusu ya bei. Njia hiyo ni ya hatari. Anayepokea au kusaidia kuuza mali ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14, na mtu akishajulikana kuwa hulipa, hurudiwa.

Kosa jingine la kawaida ni kumgeukia yaya au bawabu. Huenda kweli alishiriki, na huenda ndiye aliyeponea chupuchupu. Shaka hiyo apewe afisa wa upelelezi. Kumpiga kijakazi, kumfungia chumbani au kumnyang'anya kitambulisho ni makosa ya jinai ambayo humgeuza mlalamishi kuwa mshtakiwa.

Aliye na bima ya nyumba aijulishe kampuni yake bila kukawia, na asitupe kufuli iliyovunjwa, kwani bima nyingi hudai alama za kuvunja. Mlango utengenezwe siku hiyo, hata kwa mbao za muda. Wezi hurudi, maana wameshajua njia na wanajua vitu vipya vitanunuliwa. Kama vitasa vilifunguliwa bila kuvunjwa, vibadilishwe vyote. Mpangaji amwulize mwenye ploti ni wapangaji wangapi waliotangulia ambao hawakurudisha funguo.